Udongo mchachu na bakteria wa mikunde: maswali ya wakulima wa Mwanza na mwambao wa Ziwa

Maswali haya nimeulizwa shambani, kwenye vikao vya vikundi vya wakulima, na mengine nikiwa nasubiri kivuko. Nalima karanga na maharage upande wa Sengerema, na kwa misimu mingi sasa nawaelekeza wenzangu kufukua mizizi na kuisoma. Kila mwaka anatokea mkulima aliyepanda maharage ili ardhi ipate nguvu, akavuna madebe mawili na ardhi ikabaki vilevile. Analaumu mbegu, analaumu mvua. Nikienda kuchimba, mara nyingi nakuta bakteria wake walishindwa na uchachu wa udongo kabla maharage hayajatoa hata ua moja.

Bakteria hawa ni akina nani?

Wanaitwa raizobia. Wanaishi kwenye udongo, na wakikutana na mzizi wa mkunde (maharage, kunde, karanga na jamaa zao) wanaoelewana nao huingia ndani, mmea ukawajengea nyumba. Nyumba hiyo ndiyo kinundu. Hewa yetu ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuichukua moja kwa moja. Kiwanda cha mbolea huigeuza kwa joto la nyuzi 400 na zaidi na kwa mgandamizo mkubwa sana. Raizobia huigeuza wakiwa ndani ya tuta lako, kwa joto la kawaida la udongo, na ujira wao ni sukari inayoshuka kutoka kwenye majani.

Wazee walijua tangu zamani kwamba mahindi hupendeza palipotoka kunde. Sababu ilithibitishwa Ujerumani na Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth miaka ya 1880, na mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi akafanikiwa kuwatenga bakteria wenyewe kutoka kwenye vinundu.

pH ni nini, na namba ipi ni mbaya?

Ni kipimo cha uchachu. 7 ni katikati, chini yake ni uchachu, juu yake ni upande wa magadi. Kinachowapita wengi ni kwamba kila namba moja ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una uchachu mara kumi kuliko wa pH 6, na mara mia kuliko wa pH 7. Shamba lililoshuka kutoka 6 hadi 5 halijashuka kidogo.

Mikunde mingi pamoja na bakteria wake hustarehe kati ya 6 na 7. Chini ya 5.5 shida huanza kuonekana. Chini ya 5, kwa maharage, usitegemee vinundu.

Uchachu unawafanyaje hasa hawa bakteria?

Unawabana kutoka pande kadhaa kwa wakati mmoja, na kila upande una dawa yake, kwa hiyo tuupitie mmoja mmoja.

Kwanza ni idadi yao. Kiangazi, shamba likiwa halina mkunde, raizobia hujitegemea kwenye udongo mtupu. Udongo ukiwa mchachu wanapungua mwezi hadi mwezi. Mvua za vuli zikianza, mzizi mchanga unakuta wamebaki wachache, au haumkuti hata mmoja wa kuelewana naye.

Kisha kuna kuitana. Mzizi hutoa kemikali za kuwaita bakteria, bakteria hujibu kwa kemikali zao, na unywele wa mzizi hujikunja kama kidole kinachomwita mtoto, ukawafumbata. Hatua hii ndiyo nyepesi kuharibika kuliko zote. Kwenye uchachu wito hupungua, jibu hupungua, na kalsiamu inayosaidia bakteria kushikamana na unywele huwa imeshasombwa na mvua. Bakteria wanaweza kuwa hai, mmea nao hai, na kinundu kisitokee.

Alumini nayo. Udongo una alumini nyingi iliyofungwa ndani ya chembe za mfinyanzi, na ikiwa imefungwa hivyo haina madhara. pH ikishuka chini ya 5.5 inaanza kuyeyuka, na chini ya 5 inakuwa sumu kali. Ukichimba utaona mizizi mifupi, minene, ncha zimedumaa, haina vile vinyweleo laini. Vinyweleo ndio mlango wa bakteria. Visipoota, hata bakteria wazuri kuliko wote watabaki nje. Alumini hiyohiyo ikishirikiana na chuma huishika fosforasi isipatikane, ilhali kinundu ni mlaji mkubwa wa fosforasi.

Mwisho ni molibdenamu, madini ambayo wakulima wachache wameyasikia. Kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni kimeundwa kwa chuma na molibdenamu. Kiasi kinachohitajika kwa hekta nzima hupimwa kwa gramu, lakini udongo mchachu huishikilia hata hiyo. Ndiyo maana wakati mwingine unakuta vinundu vimejipanga mzizini, vinapendeza kwa macho, na havifanyi kazi yoyote.

Mbona maharage yangu yaliota vizuri, kisha wiki ya nne yakawa ya njano?

Mbegu huzaliwa na akiba. Naitrojeni iliyomo ndani yake hulisha mche wiki mbili au tatu za mwanzo, baada ya hapo vinundu vinatakiwa kupokea zamu. Visipokuwepo, mmea unanyonya naitrojeni ya majani ya chini na kuipeleka kwenye majani machanga, ndipo unaona njano inaanzia chini kupanda juu.

Usidanganywe na jirani mwenye muhogo mzuri kwenye udongo uleule. Muhogo huvumilia uchachu ambao maharage hayauwezi. Hata mahindi yaliyowekewa mbolea ya mfuko yanaweza kuonekana mazima hapo hapo, kwa sababu hayamtegemei bakteria wa kinundu.

Nitajuaje kama vinundu vyangu vinafanya kazi?

Subiri maharage yaanze kutoa maua. Asubuhi, udongo ukiwa na unyevu, chagua mashina matano au sita kwenye sehemu tofauti za shamba. Usiyang'oe kwa mkono, maana vinundu hukatika na kubaki chini, halafu utasema havikuwepo. Zungushia jembe kiasi cha kiganja kutoka kwenye shina, inua bonge zima la udongo, litumbukize kwenye ndoo ya maji na uliache lilainike lenyewe. Tikisa taratibu. Mizizi itabaki mitupu mkononi mwako.

Sasa chukua kinundu kimoja, kipasue kwa ukucha wa dole gumba au kwa wembe. Ndani kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kama nyama mbichi ya samaki aliyetoka ziwani, kinafanya kazi. Wekundu huo unatokana na kitu kinachofanana na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu: hubeba oksijeni kwa kipimo, bakteria wapumue bila kimeng'enya chao kuharibika. Kikiwa cheupe ndani, ama bado kichanga ama hakifanyi kazi. Cha kijani au kahawia kimezeeka, kinamaliza muda wake.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi kwenye shamba langu mwenyewe, nilipasua vinundu kumi na saba. Viwili tu vilikuwa vyekundu. Nilikaa pale kwenye tuta kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimeshawaambia watu wengi kwamba maharage yanarutubisha ardhi.

Lakini vile vivimbe si minyoo fundo?

Vinaweza kuwa. Kinundu cha bakteria kimekaa pembeni mwa mzizi na kinabanduka kwa kusukumwa na kidole. Kivimbe cha minyoo ni mzizi wenyewe umevimba. Ukitaka kukitoa lazima uukate mzizi.

Je, udongo wa huku kwetu wote ni mchachu?

Hapana, na ukisikia mtu anasema "Kanda ya Ziwa ni mchachu" muulize, juu ya kilima au bondeni? Wasukuma wameupa udongo majina kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko, na majina hayo yana elimu ndani yake. Karibu na miamba ya granaiti, mawe ya aina ileile unayoyaona Capri Point na pale Bismarck Rock jijini Mwanza, mchanga unaotokana na mwamba huo ndio *luseni*. Ni rahisi kulima, unapitisha maji haraka, hauna kalsiamu nyingi na hauna mfinyanzi wa kuishikilia hata hiyo kidogo. Luseni uliolimwa miaka na miaka, mabua yakaliwa na ng'ombe na samadi isirudi, ndio ninaoukuta na uchachu mara kwa mara.

Teremka hadi kwenye mbuga. Udongo mweusi, unanata masika, unapasuka nyufa kiangazi. Huo umekuwa ukipokea kalsiamu iliyosombwa kutoka juu kwa maelfu ya miaka, na mara nyingi hauna uchachu kabisa. Ukikuta vijiwe vyeupe ndani yake, vidondoshee siki au maji ya limau. Vikitoa povu ni chokaa. Dengu za Misungwi, Kwimba na Magu hupenda huko. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa Amani mkoani Tanga, ndiye aliyewafundisha wanasayansi miaka ya 1930 kuusoma udongo wa Afrika Mashariki kama mnyororo wa kutoka kilimani hadi bondeni. Wakulima walikuwa wakiusoma hivyo zamani.

Ukivuka kwenda Kagera hali inabadilika tena. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Mwanza ni kama nusu yake. Mvua nyingi husomba kalsiamu na magnesi, na nafasi zao huchukuliwa na uchachu.

Mkunde gani unavumilia?

Kunde, karanga na njugu mawe. Wenzi wao ni wa kundi la Bradyrhizobium, bakteria wanaokua polepole, na wengi wao huvumilia uchachu kuliko wa maharage. Ila kwa karanga kuna mtego: ganda la karanga hunyonya kalsiamu lenyewe likiwa ardhini, halingojei mizizi. Kwenye mchanga mchachu unaweza kuwa na vinundu vizuri, majani ya kijani kibichi, halafu ukavuna maganda matupu.

Soya inahitaji bakteria wake maalumu, na mmea wenyewe hauupendi uchachu. Maharage ndiyo dhaifu kuliko hayo yote, ingawa wapo bakteria wa aina ya Rhizobium tropici wanaoweza kuyahudumia hata udongo ukiwa mchachu kiasi.

Je, mbolea za dukani ndizo zinazochachusha udongo?

Baadhi yake, ndiyo. Mbolea zenye naitrojeni ya amonia zikigeuzwa na bakteria wengine wa udongo hutoa tindikali. SA (salfeti ya amonia) ndiyo kali zaidi: kwa kila kilo moja ya naitrojeni unayoweka kupitia SA, unahitaji zaidi ya kilo 5 za chokaa kufuta uchachu wake. Urea inahitaji chini ya kilo 2. CAN (naitreti ya amonia yenye kalsiamu) ina chokaa ndani yake, hivyo madhara yake ni madogo. Kama shamba lako lina pH 5.2 na bado unaweka SA kila msimu, badilisha.

Lakini niseme ukweli ambao hausemwi sana: mikunde yenyewe pia huchachusha. Mmea unaopata naitrojeni kutoka kwa bakteria huachia tindikali kupitia mizizi, na ukiondoa shambani majani na mabua yote unaondoka na kalsiamu iliyomo. Rudisha maganda na mabua shambani. Kama ng'ombe lazima wale, basi samadi irudi palepale.

Nikiweka urea kwenye maharage ili yasiwe ya njano?

Yatakuwa ya kijani, na vinundu vitazidi kupungua. Mmea ukipata naitrojeni nyingi ya bure huacha kuwalisha bakteria.

Nitapimaje udongo wangu?

Tembea shambani kwa mtindo wa zigizaga, chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kwenye sehemu 15 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama nusu kilo. Ruka palipokuwa zizi, palipochomwa takataka na kichuguu, kwa sababu hapo pH huwa tofauti na shamba lingine. Luseni na mbuga usivichanganye hata kama ni shamba moja. Anika kivulini, weka lebo, peleka maabara. Kituo cha utafiti cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Ukiriguru kiko hapa hapa Misungwi. Afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza utaratibu.

Vile vipima vya kuchomeka ardhini vinavyouzwa kwa bei rahisi, mimi sivitumii kuamua kiasi cha chokaa. Karatasi za kupimia zinazobadilika rangi, ukitumia maji safi, zinatosha kukuonyesha kama una tatizo au huna.

Chokaa kiasi gani, na niweke lini?

Vipimo vya maabara ndivyo viamue, kwa sababu pH peke yake haitoshi. Luseni na mfinyanzi mwekundu vikiwa vyote na pH 5, mfinyanzi utahitaji chokaa nyingi zaidi, maana umeficha uchachu mwingi kwenye chembe zake.

Hesabu ya kukusaidia: tani moja kwa hekta ni gramu 100 kwa kila mita moja ya mraba. Kipande cha mita 20 kwa 20 kinataka kilo 40. Ekari moja ni karibu kilo 400, yaani mifuko minane ya kilo 50.

Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa, inafanya kazi polepole na inahitaji unyevu. Iweke mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda, na uichanganye na udongo hadi kina cha jembe. Ikiachwa juu haitembei kushuka kwa mizizi msimu huo. Ikiwa unga laini kama wa sembe, nzuri. Ikiwa chenga chenga, itachukua miaka. Kwenye luseni usizidishe. Ukipandisha pH kupita kiasi, zinki na chuma hukosekana, na njano inarudi kwa mlango mwingine.

Naweza kutumia chokaa ya kupaka ukuta? Majivu? Maganda ya mayai?

Chokaa ya ukuta inapandisha pH haraka na ni kali kuliko ya kilimo, kwa hiyo kiasi kipungue. Inaunguza macho na ngozi, na haifai kabisa kugusana na mbegu wala bakteria. Majivu ya kuni yanafaa, ila nguvu yake mara nyingi ni nusu ya chokaa au pungufu, na majivu ya jiko la nyumba moja hayatoshi ekari. Yaweke bustanini. Maganda ya mayai ni chokaa halisi. Yasage yawe unga, na ujue utapata ya kitalu tu.

Samadi iliyoiva ni ya kuheshimiwa. Inaongeza kalsiamu, na mabaki yake huifunga alumini isiunguze mizizi. Kama uwezo wa chokaa haupo, samadi kwenye mashimo au mistari ya kupandia huwatengenezea bakteria mahali pa kuponea.

Na Minjingu?

Fosfeti ya Minjingu kutoka Manyara inafaa hasa kwenye udongo mchachu, kwa sababu uchachu ndio unaoiyeyusha. Inaleta fosforasi na kalsiamu pamoja, vitu viwili ambavyo kinundu kinavidai. Haibadilishi pH kama chokaa inavyoibadilisha. Kwenye mbuga yenye chokaa itakaa bila kuyeyuka, hapo tafuta TSP, mbolea ya fosforasi inayoyeyuka kwa urahisi.

Nilinunua chanjo ya bakteria nikachanganya na mbegu, sikuona tofauti. Kwa nini?

Uliza kwanza paketi ilikaa wapi. Mle ndani mna viumbe hai. Mimi niliwahi kununua paketi iliyokuwa imening'inizwa kwenye mlango wa duka, jua la saa nane linaipiga, na sikufikiria. Nilipanda nusu ekari ya soya nayo. Nilipochimba, mizizi ilikuwa mitupu kama uzi. Sasa naulizia tarehe ya mwisho wa matumizi, nataka iliyokaa kwenye ubaridi, na nasafiri nayo ndani ya kitambaa chenye maji.

Changanya kivulini, kwa maji yenye sukari kidogo ili ishike, na upande siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu, ufukie mara moja. Usichanganye mbegu iliyochanjwa na mbolea za kupandia kama DAP au TSP kwenye chombo kimoja. Mbolea iwe chini au pembeni. Hakikisha chanjo ni ya zao lako, ya soya haifai kwa maharage. Kwenye udongo mchachu unaweza kuipaka mbegu iliyochanjwa vumbi laini la chokaa ya kilimo, ile ya jiwe lililosagwa, kila mbegu ikavaa koti jembamba. Koti hilo huwalinda bakteria siku za mwanzo. Haliwezi kuokoa shamba la pH 4.5.

Kwenye majaluba ya mpunga je?

Huko habari ni nyingine. Udongo mchachu ukifunikwa na maji kwa wiki chache, pH yake hupanda yenyewe kuelekea 6.5 au 7. Vijani vidogo vya majini vinavyonasa naitrojeni hustawi hapo bila mkunde wowote. Maji yakikauka na ukapanda choroko kwenye unyevu uliobaki, kumbuka pH nayo inarudi ilipokuwa.

Nina hela ya kitu kimoja tu msimu huu. Ninunue nini?

Kama hujawahi kupima, pima. Ikitoka chini ya 5.5, hela iende kwenye chokaa, hata ikitosha robo ekari tu, na hapo ndipo upande maharage. Kwingine weka kunde au muhogo. Chanjo iliyowekwa kwenye udongo wa namna hiyo bila chokaa ni kuwatuma bakteria wakafe. Ikitoka juu ya 5.5 na vinundu bado ni vyeupe, tafuta fosforasi kwanza, kisha chanjo.

Acha matuta mawili bila chokaa katikati ya kipande hicho, uyawekee kijiti cha alama. Maharage yakitoa maua, fukua mashina matatu kila upande, yaoshe kwenye ndoo moja na uyalaze sambamba juu ya gunia.